Kimea cha Mama Lazaro

Mimi nikisema tutafika, tutafika. Lakini Jumapili ile mto ulikuwa umepanda juu ya daraja, mji wa Matai wenyewe hatujauona, na Kosta yetu imesimama nyuma ya foleni ya malori. Akina mama wa jumuiya yetu ya Sumbawanga walikuwa wameshuka, wamekaa kwenye majani na samaki wao, migebuka waliowanunua Kasanga, wanafukuza nzi. Siku mbili kule ziwani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ya tatu, ya kurudi nyumbani, ikaja na lake.

"Hakuna marefu yasiyo na ncha," niliwaambia. "Maji yatashuka, tutavuka."

Dereva wetu, Marselino, akasema labda kesho asubuhi. Watu wakaguna, wakaanza kutafuta kuni za kuchomea samaki. Winifrida peke yake hakuguna. Alikuwa ameshika ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi, anautazama tu.

"Cornelia," akaniambia, "kimea changu kinaoza."

Jumamosi iliyokuwa inakuja mwanawe Lazaro alikuwa anaoa, na pombe ya harusi ni kazi ya mama wa bwana harusi. Winifrida alikuwa ameloweka ulezi, akaufunika kwa magunia uote, ndipo tukaondoka. Jumapili mchana ilikuwa aufunue na kuutawanya, kisha auanike juani. Ulezi ukizidi kufunikwa unapata joto, unashikana, unaota ukungu, na pombe yake hainyweki. Muda wa kuanza upya haukuwepo. Na mjane yule alikuwa ameapa kwamba wakwe watakunywa pombe ya mkono wake, si ya kununua kilabuni, wasije wakasema Lazaro katoka nyumba isiyo na mtu.

"Mpigie mtu akafunue," nikamwambia.

"Nani? Nyumba nimefunga. Na majirani wote wanaojua kimea tuko nao hapa."

"Si wote. Silvana yupo."

Akanitazama kama nimemtukana. Silvana ndiye mama wa Faith, bibi harusi. Kwetu mkwe unampokea barazani, unamwekea kiti, unachuchumaa na kupiga makofi kumsalimu. Jikoni kwako haingii kabla ya harusi, asije akaona chungu chako kikiwa kitupu. Sasa umwambie avunje kufuli?

"Bora kioze," akasema. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

"Na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Jumamosi utawapa nini, soda? Acha kiburi, Mama Lazaro. Kiburi hakinyweki."

Akanipa mgongo. Mimi sibembelezi mtu. Nikatoa simu yangu, nikatafuta namba ya Silvana, nikamtia Winifrida simu mkononi ikiwa inaita tayari.

Nilidhani ataikata. Badala yake akachuchumaa palepale kando ya lami, simu kaibana kwa bega, akapiga makofi taratibu kana kwamba Silvana yuko mbele yake.

"Mkwe wangu," akasema. "Naomba uvunje kufuli langu."

Tulivuka Jumatatu, jua likiwa limeshapanda. Nilimsindikiza mpaka kwake. Kufuli lilikuwa chini, limepigwa jiwe. Uani mikeka imetandikwa, ulezi umeanikwa, na Silvana amekaa kwenye kigoda na fimbo yake, anawinga kuku. Winifrida akachuchumaa. Silvana naye akachuchumaa, wakapigiana makofi.

"Wa katikati ulikuwa umeshaharibika, mkwe," Silvana akasema. "Nimeutupa. Pale ulipopungua nimejazia kimea cha kwangu, nilikuwa nacho kikavu ndani. Tusimwambie mtu. Jumamosi pombe ni yako."

Winifrida aliingia ndani, akatoka na kigoda kingine, akakaa kando yake.

Jumamosi ikafika. Wazee wa upande wa Faith walionja, wakatazamana, wakaomba tena. Mmoja akauliza ni mikono ya nani iliyopika, maana pombe kama hii hawajainywa siku nyingi. Winifrida akasimama. Namjua, sifa anazipenda, nikasema moyoni leo tutakoma.

"Kimea changu kiliniozea nikiwa safarini," akasema, watu wote wakisikia. "Huyu mkwe wangu alivunja kufuli langu, akaniokoa na aibu. Alitaka nifiche. Mnachokunywa ni cha kwake na cha kwangu."

Silvana akainamisha uso, akalia waziwazi. Winifrida akavua shingoni ule uzi, sasa una ufunguo wa kufuli jipya, akamvika Silvana mbele ya wakwe wote. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe changu, machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema.