Siku Shangazi Alipoficha Mafagio

Mvua ilianza alfajiri, na kabla bibi harusi hajafumbua macho sawasawa, shangazi yake alikuwa ameshapata wa kumlaumu.

"Nilikuambia tangu utotoni," alisema mlangoni, mikono kiunoni. "Anayekomba ukoko sufuriani, siku ya harusi yake hunyesha. Ulisikia? Sikio la kufa halisikii dawa."

"Na hiyo sufuria nilikuwa napewa na nani, shangazi?"

Shangazi akajifanya hakusikia. Alikuwa dada wa marehemu baba yake, amekaa nao miaka na mikaka, na kila kazi ya nyumbani aliitafutia mwiko. Kushona jioni, kufua sikukuu, kukalia kinu, yote yalikuwa na balaa lake. Siku nyingine bibi harusi angecheka. Leo hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

Maana harusi ilikuwa hapahapa, uani kwa mama yake. Mama mkwe alitaka ukumbi. Yeye alikataa katakata. Mama alimlea bila baba katika nyumba hii, na kama ni kutoka, atatokea hapa. Sasa maji yalijaa uani badala ya kuondoka, yakavuka kizingiti, yakaingia sebuleni chini ya viti vya wageni. Mama alikuwa akivipandisha mezani kimoja kimoja bila neno, na ukimya wake ulimuuma binti kuliko kelele za shangazi.

Simu ikalia. Bwana harusi.

"Mama anauliza kama tuhamie ukumbini. Nimwambie nini?"

"Subiri kidogo."

Akatafuta ufagio wa kusukumia maji. Nyuma ya mlango hakuna. Jikoni hakuna. Hata ule mkuukuu wa chooni haukuwepo.

"Shangazi, mafagio yako wapi?"

"Siku ya harusi hakufagiwi. Ukifagia, unajifagia mwenyewe. Nimeyaficha."

"Wapi?"

Shangazi akatazama dari. "Kwenye lile bomba la kutolea maji, pale chini ya ukuta wa ua. Nani angeyatafuta kule?"

Bibi harusi alimkodolea macho. Kisha akatoka mvuani na gauni la kulalia, nywele alizosukwa jana kutwa zikilowa, akapiga magoti na kuingiza mkono bombani. Akavuta mafagio yote matatu, yamefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni yasije yakalowa. Maji yakanguruma, yakaondoka.

Yaliacha matope nyumba nzima. Aliposhika ufagio, shangazi akaziba mlango.

"Nakuomba, mwanangu."

"Unaniomba nini? Wageni wakanyage matope? Unaniharibia siku yangu kwa hadithi za vikongwe!"

"Mimi nilifagia siku ya harusi yangu," shangazi alisema. "Ua huuhuu. Sikuukanyaga tena mpaka siku ya kumzika babu yako."

Bibi harusi hakuwahi kulisikia hili. "Nani alikuzuia?"

"Mume wangu. Alisema nimeshaolewa, kwetu nafuata nini."

"Basi si ufagio, shangazi. Ni mume!"

"Na wako je? Mbona mama yake hataki hata harusi ifanyike hapa?"

Bibi harusi alikuwa amegombana kuhusu ukumbi, viti na turubai, lakini hilo la kurudi kwao hakuwahi kumuuliza mtu. Akaichukua simu kwa vidole vyenye matope, akampigia bwana harusi.

"Mwambie mama harusi iko kwetu," alimwambia. "Na nitakuwa narudi kwetu kila nikitaka, leo na siku zote. Sasa hivi nyumba ni matope matupu. Kama haya yanakushinda, sema mapema."

Shangazi akasogeza sikio karibu na simu bila aibu.

"Hapa kwetu kuna mafagio mawili," bwana harusi alisema, sauti ikisikika mpaka alipo mama. "Nilete yote, au mnayo ya kutosha?"

Mama alishusha kiti kimoja, akakikalia, akacheka mpaka akafuta machozi. Shangazi alibaki mlangoni, akipekua kichwani mwake mwiko wa kumkataza bwana harusi kufagia ukweni. Hakuupata, akapisha njia.