Pazia la Dirisha Dogo

Yule bwana alikuwa amepima madirisha yote ya nyumba yake. Alilisema hilo kabla hata hajakaribishwa kiti, amesimama katikati ya duka la mapazia na utepe wa chuma mkononi, suruali yake ya kazini imepigwa pasi kana kwamba hakuna goti ndani yake. Alikuwa mkaguzi wa hesabu, na alimnyooshea mwenye duka, Mama Pazia, simu yake kama mtu anayemwonyesha karani kosa lake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya pazia fupi la rangi ya majani makavu, na chini yake maandishi: *Mpendwa Mwalimu, dirisha lako la sentimita tisini bado linakusubiri.*

"Nilikuwa nasoma habari kwenye kompyuta yetu ya nyumbani," alisema. "Pazia likatokea pembeni. Nikalifunga. Likatokea tena kwenye matokeo ya mpira, nikalipiga picha. Sebuleni sina dirisha la kipimo hicho. Jikoni sina. Nimepanda mpaka kwenye kidirisha cha choo. Sasa niambie, mama, mke wangu anashonesha pazia la nyumba gani?"

Mama Pazia alijizuia kugeuka. Pazia lenyewe lilikuwa nyuma yake, juu ya meza ya pasi, limefunikwa kwa bitana na bado lina joto.

"Kaa kwanza, baba," alisema. "Nimalizie mshono huu." Akapitisha cherehani juu ya kitambaa ambacho hakikuhitaji mshono wowote.

Tangu ujana wake alikuwa akiingia majumbani mwa watu na utepe shingoni. Alikwisha kuona wanandoa wanaolala vyumba viwili, chupa zilizofichwa nyuma ya makochi, watoto wanaonyamaza ghafla baba akikohoa. Yote aliyameza. Akirudi dukani alirudi na urefu na upana, basi. "Kwangu yanaingia, hayatoki," ndivyo alivyowaambia wateja, na lilikuwa jambo pekee alilojivunia kuliko mishono yake. Waliomtia kichefuchefu ni wale waliojipiga vifua kwamba wao hawana cha kuficha. Hao ndio walioagiza kitambaa kizito kuliko wote, tena na bitana, tena pazia lifike sakafuni.

Mwalimu, mke wa huyu bwana, hakujipiga kifua. Alikuwa akifundisha chekechea, na alikuja dukani mchana watu wakiwa wachache, akasimama pale ambapo angeweza kuuona mlango. Upepo ulipoubamiza alishtuka mwili mzima, kisha akacheka ili kuficha. "Nimepata chumba, mama," alinong'ona. "Nahama Jumamosi akiwa kazini. Dirisha ni moja tu, dogo. Tafadhali usinipigie simu." Mama Pazia hakuuliza kitu. Alikwenda mwenyewe kukipima kile chumba, kwa hiyo alikijua kilipo, mtaa na ngazi na mlango. Hicho ndicho alichokuja kukitafuta huyu bwana, na bado ilikuwa Alhamisi.

Lililomponza Mwalimu lilikuwa limeketi pale pembeni, limevaa viatu vyeupe na kutabasamu. Mkwewe Mama Pazia, mume wa binti yake wa pekee, ndiye aliyelitengenezea duka tovuti. Mteja aliandika kipimo cha dirisha lake na kuona rangi ingekaaje. Ila kwanza kilimrukia kibao chenye maneno *Tunajali faragha yako*, na chini yake neno *Kubali*, kubwa, la kijani. Neno la kukataa lilikuwepo pia, dogo, la kijivu, limejibanza kona kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Baada ya kupimiwa chumba, Mwalimu aliingia humo kwa kompyuta ya nyumbani achague rangi, akaandika jina na kipimo, akabonyeza la kijani, kisha akaja kuagiza dukani kwa mdomo.

"Mteja akiondoka bila kununua, mama, tunamfuata," mkwe alieleza siku alipoileta hiyo tovuti, kifua mbele.

"Mpaka wapi?"

"Popote aendapo."

Mama Pazia alicheka. Kwa miaka yote mteja asiponunua alimwambia karibu tena, hakumfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha kulala. Lakini oda ziliongezeka, naye akavimba kichwa. Aliwatambia majirani kwamba duka lake sasa liko hewani. Mkwe alipouliza kama aendelee, alijibu bila kuinua macho kwenye mshono: endelea, baba.

Sasa mkwe aliiona picha kwenye simu ya mgeni, akainuka uso umemkunjuka. "Hiyo ni ya kwetu! Imekufikia!" Akavuta kompyuta yake ya mapajani. "Ngoja kidogo, bwana, mfumo una kila kitu. Nitakuonyesha alitazama nini, lini, na kama aliandika mahali pa kupelekewa."

Mkaguzi alisogea. Mkwe akapiga vitufe kwa madoido, mjinga wa watu, akifurahi kupata mtu wa kumhudumia.

Mama Pazia hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti. Alizungumza naye macho chini, kama heshima inavyotaka, hata alipoongea upuuzi, na hiyo ilikuwa mara nyingi. Alivuka duka na kukishika kifuniko cha ile kompyuta.

"Toa vidole, mkwe," alisema, na hakungoja sana kukifunga.

Kisha akamgeukia mkaguzi. "Ungeniuliza mimi. Dirisha ni langu, lile kule nyuma. Mkeo ana jicho la rangi, nikamwomba anichagulie. Akaandika kipimo changu kwenye hilo dude, na dude likamng'ang'ania yeye."

"Mbona hakuniambia?"

"Pazia la duka langu akuambie wewe?" Alimtazama juu chini. "Huna kazi?"

Dirisha la nyuma lilikuwa tupu, kwa sababu Mama Pazia hakuwahi kupata nafasi ya kujishonea. Aliulaza utepe kwenye fremu na kufunika namba kwa kidole gumba. Ilikuwa sabini na mbili. Katika maisha yake alikwisha kuongopa kuhusu umri, kuhusu presha, kuhusu alikokuwa Jumapili, lakini na utepe mkononi hakuwahi hata mara moja. "Tisini," alisoma.

Mkaguzi akanyanyua utepe wake wa chuma.

"Weka hilo chini unisaidie, mikono yako mirefu," Mama Pazia alisema, na kumtwika fimbo ya pazia mikononi kabla hajajua la kufanya. Akalifunua pazia kwenye meza ya pasi, akalipitisha kwenye fimbo, akapanda kigoda. Yule bwana, jasho likimchuruzika kolani, alishikilia kwa uaminifu pazia la mkewe mpaka likatundikwa. Mama Pazia aliyakusanya marinda katikati, akayabana, akashuka.

"Limekaa vizuri," mkaguzi alikiri.

"Mkeo anajua rangi," alijibu.

Mkaguzi alipoondoka, Mama Pazia aliketi juu ya jora la kitambaa. Mkwe alikuwa akisugua vidole. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliuliza na mama akakubali. Hilo ndilo lililomchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Izime," alisema.

"Nitaizima, mama. Ila yaliyokwisha kwenda kwa wenzetu wa matangazo hayarudi."

"Wenzetu?" Alilitamka kana kwamba amekuta nywele kwenye chakula. "Wenzetu wepi? Nimewahi kukaa nao wapi, mimi?"

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwenye kile chumba na pazia jingine, la bluu, alilolishona bila kupiga picha. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya begi, maana kitanda hakikuwa kimefika. Mama Pazia alimweleza yote, la tovuti, la mume na utepe wake, na la yeye mwenyewe kukubali bila kuinua macho. Alitaka kumaliza na yale maneno yake ya siku zote, lakini hayakutoka.

Mwalimu alilipokea pazia la bluu na kulilaza mapajani. "Nilificha funguo," alisema. "Nguo nilizitoa mojamoja ndani ya mfuko wa vitabu vya watoto. Sikujua nifiche na rangi ninayoipenda." Akainuka, akaliziba dirisha, na chumba kikawa cha bluu.

Wiki chache baadaye mkaguzi alirudi dukani. Suruali haikuwa imepigwa pasi. Alivitaja vipimo vya nyumba nzima kwa kichwa, sebule, jiko, hata kidirisha cha choo, akaomba kitambaa kizito kuliko vyote.

"Majirani wanachungulia," alisema. "Wanataka kujua mke wangu yuko wapi. Mtu ana haki ya mambo yake kubaki ndani kwake, au sivyo, mama?"

Mama Pazia alimdharau kwa moyo wake wote, na dharau hiyo ilikuwa na ladha yake, kwa sekunde moja au mbili. Kisha akakumbuka kidole chake gumba, na neno la kijani.

"Hayatatoka hapa?" yule bwana alisisitiza.

"Safari hii hayatatoka."

Akashusha jora kutoka rafuni. Mkaguzi hakuwa akilitazama. Macho yake yalikuwa yameganda kule nyuma, ambako marinda yalikuwa yamelegea na pazia la rangi ya majani makavu likatambaa ukutani, kiganja kizima kila upande.

"Lile pazia," alisema polepole, "limelizidi dirisha."

"Limezidi," Mama Pazia alisema, na kumpa ncha ya kitambaa. "Shika hapo, uvute. Hiki hata taa haionekani nje."