Mwiko Uliolala Kwetu

Usiku wa kuamkia leo nimeota ile Jumanne aliyotutoka mke wangu, Maimuna. Katika ndoto hakuna aliyelia. Watu walikuwa wamekaa mkekani uani kwetu, kila mmoja ameshika kikombe cha plastiki kitupu, wakisubiri uji.

Nieleze kwanza jambo ambalo si la ndoto. Shuleni kwa binti yetu, Shamimu, serikali inaleta unga na sukari, maana huku watoto wengi hutoka nyumbani hawajatia kitu tumboni. Wazazi tunaleta kuni na maji, na tunapika kwa zamu. Mwiko ni mmoja, mrefu kama mpini wa jembe. Aliyemaliza kupika anaupeleka jioni kwa anayefuata. Ukilala kwako, kesho wewe ndiye mpishi. Kwetu alikuwa akienda Maimuna. Hata mikutano ya wazazi nilikuwa nasema, "Nenda tu, Mama Shamimu, utaniambia."

Jumatatu yake mwiko ulilala kwetu. Alfajiri yake Maimuna hakuamka.

Basi, nikiwa mkekani, uani kukawa darasa la tatu. Nimekalia dawati dogo, magoti yamenifika kidevuni. Ubaoni wameandika: MZAZI AWE KARIBU NA MTOTO SHULENI. Kwa hiyo kila mtoto amembeba mzazi wake mgongoni kwa kanga. Wanaandika kwa shida. Mama Rukia, jirani yetu na mwenyekiti wa kamati ya chakula, amebebwa na bintiye, naye anasuka ukili bila wasiwasi.

Mgongoni kwa Shamimu kanga imefungwa vizuri, na ndani hamna mtu.

"Maimuna," anaita Mwalimu Kisuda, kalamu iko juu ya daftari.

"Amefariki, Mwalimu," nasema.

"Hilo tunalijua, tulikuja kuzika. Nauliza nani yupo."

Mlango unafunguka, sufuria kubwa la shule linaingia, linatembea polepole kama mtu mwenye miguu mibaya. Linavua mfuniko.

"Pole na msiba, Baba Shamimu."

"Tumeshapoa."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Na mimi siku ya tisa sijakorogwa. Moto unawashwa, maji yanachemka, halafu tunatazamana."

"Kwa nini hampiki?"

Sufuria linamgeukia Mama Rukia. "Si useme wewe, mwenyekiti."

"Niseme nini?" anasema Mama Rukia, ukili mkononi. "Nipige hodi nyumba ya msiba, nimwambie mwanamume wa watu nimefuata mwiko? Hata wewe ungeona haya."

"Mimi sina haya. Nina masizi."

Hakuna anayecheka.

"Si mngechonga mwingine?" nauliza.

"Tukichonga mwingine, tumemtoa Maimuna kwenye zamu," anasema Mama Rukia. "Haya, nani aanze kumtoa? Anza wewe."

Naangalia chini, na sakafu ya darasa ni sakafu ya jiko letu. Mwiko umekalia kigoda cha Maimuna.

"Nimelala hapa siku tisa," mwiko unaniambia. "Kwa utaratibu, umeshakuwa mpishi mara tisa."

"Sijui kukoroga."

"Najua. Marehemu alinieleza. Alisema, mume wangu atamwaga unga kwenye maji ya moto, ufanye mabonge. Mwambie auvuruge kwanza na maji ya baridi, pembeni."

"Alisema lini hayo?"

"Kila zamu. Alidhani iko siku utakuja."

Shamimu anachuchumaa mbele yangu, analegeza kanga. "Panda, baba."

Napanda. Ananifunga, anasimama, anaruka kidogo kuniweka sawa, kama mama yake alivyokuwa akimweka yeye.

"Mzito?" namuuliza.

"Hapana," anasema. "Bado hujafika."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa ndiyo inaisha. Nilikwenda jikoni nikawasha kibatari. Mwiko ulikuwa nyuma ya mlango, pale pale alipouacha Maimuna, na tangu tuzike hakuna aliyeugusa. Nchani ulikuwa na uji. Nikagusa kwa kidole: vuguvugu, laini, hauna hata bonge moja.

Shamimu alinikuta nimesimama nao.

"Mwanangu, shuleni mnakunywa uji?"

Aliangalia miguu yake. "Tangu mama, hatujanywa. Mama Rukia alisema tusikuambie, una msiba."

Nimeandika haya wakati maji ya kuoga yanapata moto. Jua bado halijatoka. Shamimu ameshavaa sare na ameshika kikombe chake. Mwiko uko begani kwangu. Leo ninapika mimi, na jioni nitaupeleka kwa Mama Rukia.