Nusu Kidonge

Siku ya kumi na moja ya eda, Semeni alikuwa hajamlilia mumewe akatosheka, maana kila machozi yakitaka kuja, hasira huyatangulia. Mume huyo, Jaku, amelala mavani, na figo lake yeye Semeni liko Usagara, hapo hapo Tanga, linatembea na kula ugali ndani ya Laurenti, fundi wa reli aliyepunguzwa kazini.

Miaka mitatu nyuma, mafigo ya Jaku yalipokufa, Semeni alijitolea kumpa moja. Damu zao hazikuoana. Huko huko hospitali, India, wakamkuta Bibiana, Mbondei wa Muheza, naye kakwama vivyo hivyo na mumewe Laurenti. Madaktari wakawashauri wabadilishane: figo la Semeni akapewa Laurenti, la Bibiana akapewa Jaku. Wote wanne walirudi Tanga wazima. Majirani wa Chumbageni wakawatania kwamba wameoleana matumboni, na tangu hapo Idi na Krismasi sahani zikawa zinapita huku na huku.

Ila mwenye figo la kupewa humeza vidonge asubuhi na jioni maisha yake yote, ama sivyo mwili hulikataa. Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, madukani hukosi kitu, redio, viatu vya Dubai, manukato, lakini vidonge hivyo viliagizwa India na kuja kwa kifurushi.

Siku hiyo ya kumi na moja Bibiana alikuja, akaketi mkekani.

"Dada Semeni, kuna jambo tulifichwa wewe na mimi. Kifurushi cha Jaku kilipotea miezi minne iliyopita. Laurenti akawa anamkatia vyake, kila mtu nusu. Kaniambia juzi."

"Nusu haimtoshi mtu."

"Walijua. Waliona haya, mmoja ameze na mwenziwe atazame." Bibiana alijifuta uso kwa kanga. "Sasa kifurushi kingine kimefika, na Laurenti hataki kukigusa. Anasema hawezi kumeza kizima na Jaku yuko kaburini. Miguu imeanza kuvimba."

Semeni alimchukia Laurenti saa nzima, hasa, kwa moyo wote. Hasira ilipopungua akabaki na woga kwamba na huyu atakufa, akamwambia Bibiana amlete mumewe kesho, na vidonge vyake.

Mjane wa eda haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Kwa hiyo mjomba wake, Mzee Abdulghani, alitundika shuka mlangoni, akaketi barazani. Laurenti akaja, akamwamkia mzee, akakaa upande wa pili wa shuka.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa. Nani alianza maneno ya nusu?"

"Mimi. Yeye alikataa mara mbili. Nikamshika mkono, nikaiweka nusu kiganjani."

Hapo Semeni akalia, hatimaye, akalia mpaka mtandio ukalowa. Barazani hakuna aliyemharakisha.

"Bila nusu yako angekwenda mapema zaidi," alisema alipotulia. "Hilo nakushukuru. Lakini figo hilo nilikatwa kwa ajili ya Jaku, si kwa ajili yako. Mimi nilikuwa sikujui. Ukiliacha life, nilichomtolea Jaku kitakuwa kimepotea bure, na Bibiana atakaa eda kama mimi."

"Sisi hatuna eda, shemeji."

"Basi atakaa hivyo hivyo, bila jina."

Semeni akamimina maji kwenye gilasi, akaisukuma chini ya shuka. Akasikia karatasi ya dawa ikichanika, kisha koo likimeza.

"Kizima?"

"Kizima."

"Cha pili saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Njoo umezee hapa. Na kesho, na keshokutwa. Eda yangu bado ina miezi minne kasoro siku mbili, sina pa kwenda."