Arobaini ya Evarista

Jumatatu asubuhi Abdulhamid alinibandika simu yake sikioni nikiwa nimeinama juu ya bati. Sisi ni mafundi wa bati wa mtaa wa Gerezani. Yeye anatengeneza majiko ya mkaa, mimi natengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, na tumekaa ubavu kwa ubavu miaka kumi na tisa.

"Sikiliza hii, Baba Candida. Huyu si mtoto wako? Anaua nyoka?"

"Anaimba."

"Haya. Lakini nyoka kafa."

Waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikarudi kwenye nyundo, nikaona siwezi kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Candida ana miaka ishirini na minne. Yeye na wenzake watatu wana bendi inayoitwa Bonde la Mifupa. Wanapiga roki nzito, ile ya metali, na wanampigia Yesu. Magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbia, na binti huyu ambaye nyumbani huongea taratibu hata kuku hashtuki, anatoa kooni sauti ya mnyama. Mazoezi walifanyia kwenye stoo nyuma ya karakana yetu, kwa sababu Gerezani hakuna jirani wa kumlalamikia mwenzake kelele. Wiki tatu kabla ya Jumatatu hiyo walitoa albamu yao ya kwanza. Waliiita Arobaini.

Mama yake, Evarista, alifariki hospitalini mwaka jana mwezi wa sita, mimi nikingoja koridoni. Nilipoliona lile jina nilidhani ni kumbukumbu ya siku ile ya arobaini tulipopika, tukasali na kuanua matanga. Sikuuliza zaidi. Maneno ya nyimbo sikuyasikia, na sijui nani angeyasikia. Ila katika wimbo wa tatu kuna mahali magitaa yanatulia na Candida anaimba kwa sauti yake ya kwaya: nakushukuru kwa yote. Hapo nilisikia, na nikapapenda.

Watu wa mbali waliipokea albamu vizuri. Alpesh, kijana aliyewarekodi, alikuwa akimtumia Candida maoni yao kila siku. Mbrazili mmoja aliandika kwamba amelia ndani ya basi. Mwingine kutoka Finlandi alisema hajui Kiswahili lakini ameelewa. Kanisani kwetu mambo yalikuwa tofauti. Kipande cha dakika moja kiliingia kwenye kundi la simu la waumini, na mtu akauliza hayo ni mapepo ya ukoo gani. Vijana walikuwa wameomba uzinduzi ufanyike kanisani, Mchungaji aiwekee albamu mikono mbele ya madhabahu kama anavyofanya kwa kwaya zote. Baraza la wazee likapanga kukaa Jumamosi saa nane mchana. Mama Theopista, katibu wetu, akaagiza maneno ya nyimbo yote yachapwe, kila mzee apewe nakala, kwa sababu huwezi kuhukumu kelele.

Mimi ni mmoja wa wazee hao, tangu Januari. Kwetu hakuna anayeingia barazani kama hawezi kusoma somo mbele ya watu, na mimi nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, kwenye masomo ya jioni katika shule moja ya msingi jirani na Mnazi Mmoja. Sasa nina hamsini na saba. Kila Jumapili ya nne ya mwezi nasimama, nafungua kitabu, nasoma, watu wanasikia. Tangu Evarista aondoke sina kingine ninachokingojea kwa hamu kama hicho.

Jumanne nilipewa nakala yangu. Niliketi kitandani nikaanza kufuata mistari kwa kidole.

*Bwana, siku ile ulikuwepo koridoni au ulikuwa umetoka?*

Kidole kikasimama. Nikaruka mistari, nikasoma ya chini.

*Unanipiga kama bati. Lakini mimi nikipiga bati najua litakuwa sanduku. Mimi nitakuwa nini?*

*Leo sikusali. Wewe nawe hukusema kitu. Tuko sawa.*

Yalikuwa maneno yangu. Mwalimu Zamda, anayetufundisha jioni, alikuwa ametuagiza kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa siku, chochote kile, bila kukosa. Aliahidi hatasoma, angeangalia tu kama ukurasa umejaa. Baada ya mazishi sikuwa na la kuandika isipokuwa sala, na sala zenyewe zilitoka hivyo. Siku arobaini, kurasa arobaini. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku nililolitengeneza mwenyewe, chini ya vitenge vya marehemu, na nilipolifungua nililikuta palepale.

Sikusema kitu Jumanne, wala Jumatano. Nilifika kazini nikakata mfuniko wa sanduku ukawa mdogo kuliko sanduku, kosa ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa kibarua. Nikatoka. Nilipita mtaa wa Swahili, nikapita mtaa wa Kongo katikati ya wauza soksi, nikavuka barabara ya Uhuru nikajikuta soko la Mchikichini nimeshika kiatu cha mtumba kimoja, cha mguu wa kushoto, na muuzaji ananiuliza nataka au sitaki. Nilijaribu kusali nikitembea. Kila nilipoanza, "Bwana," niliona maneno yanayofuata yamechapwa, na Mama Theopista ameyapigia mstari.

Alhamisi nilikwenda studio. Iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa na bawaba la mzee Umakant, baba yake Alpesh. Pale wanarekodi kaswida, matangazo ya sabuni na bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu, za mama yake Alpesh, mlango mmoja na kipaza sauti kilekile. Candida alikuwa amekaa chini anakula muhogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani alikupa daftari langu?"

Aliacha kutafuna. Alpesh akainuka. "Mzee, ngoja niwaachie nafasi."

"Kaa," nikamwambia. "Wewe ulisikia yote kabla yangu."

"Nililiona nilipokuwa naanika vitenge vya mama," Candida alisema. "Nikalisoma. Nilidhani ni insha zako za darasani, baba."

"Insha?"

"Kila ukurasa una vema ya mwalimu, kwa wino mwekundu. Arobaini zote. Nani anawekewa vema kwenye sala?"

Ni kweli, Mwalimu Zamda aliweka vema kila ukurasa uliojaa, kama alivyoahidi.

"Nilijua unazungumzia mama," aliendelea. "Lakini nilisema, baba kajifunza kuandika vizuri, kaweza kutunga. Nikajivuna. Niliwaambia wenzangu baba yangu ni mtunzi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Alpesh alikohoa. "Mzee, kwa heshima. Bibi yangu alipokufa mama hakuongea siku kumi na tatu. Siku ya kwanza Candida alipoimba hapa, mama alishuka kutoka juu, akakaa pale kwenye kigoda mpaka mwisho. Hakuelewa hata neno moja la kelele zile. Alikaa tu."

Candida akafuta mikono. "Jumamosi nitawaambia nimeandika mimi. Jina lako halipo popote. Utaendelea kusoma somo, wataninyima mimi ukumbi, wakitaka watanitoa kwaya. Nitaishi."

Lile ndilo nililokuwa nimelitamani tangu Jumanne, ila nilikuwa naogopa hata kulifikiri. Nikamwomba Alpesh anivishe vile vya masikioni. Sasa nilikuwa najua maneno, na kwa kuyajua, nikayasikia. *Ulikuwepo koridoni au ulikuwa umetoka.* Mimi niliyaandika kwa kalamu ya risasi, polepole, mdomo umefungwa. Kumbe yalipokuwa kifuani yalikuwa na sauti hii. Wimbo wa tatu ulipofika pale pa kutulia, nakushukuru kwa yote, nilivua vile vitu nikavirudisha mezani.

"Huo hauupendi?" Alpesh aliuliza.

"Naupenda," nikasema, nikashuka ngazi.

Jumamosi tulikuwa wazee saba, Mchungaji, na Candida kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani. Mama Theopista alisoma nyimbo zote kwa sauti, bila haraka, kama anayesoma matangazo ya ndoa. Kila mara mzee mmoja aliguna. Alipofika wimbo wa tatu akapumzika.

"Huu una mstari mzuri," alisema. "Nakushukuru kwa yote. Kama albamu nzima ingekuwa hivi tusingekuwa hapa. Pendekezo langu, tuwaruhusu wauimbe huu peke yake, tena ule mstari tu, uliobaki wauache. Mengine haya ni kumsuta Mungu. Wazee wenzangu, mimi nimezika watoto wawili. Sijawahi kumwambia Mungu tuko sawa."

Hakuna aliyempinga. Mimi mwenyewe nisingeweza kumpinga. Ninawajua wale watoto. Jeneza la mmoja nililitengenezea vishikio.

"Candida," akasema, "nani aliandika?"

"Mimi."

Nilisimama kabla sijaamua kusimama.

"Anadanganya. Niliandika mimi. Ni sala zangu, baada ya msiba. Yeye alidhani ni kazi ya shule."

Candida aliinamisha kichwa. Mzee mmoja akasema, "Augustino, wewe unatusomea somo," si kwa hasira, ila kama mtu anayekumbusha mwenzake kwamba ameacha mlango wazi.

"Ndiyo."

"Uliyaandika ukapata nafuu?" Mama Theopista aliuliza.

"Sikupata."

Alisukuma nakala yake mbele yangu, na kalamu. "Basi tusaidiane. Baraza halitaki kumtupa mtu. Kata mwenyewe mistari unayoijutia, tuandike kwenye kumbukumbu kwamba umeikata. Jumapili ya nne unasoma kama kawaida, na mtoto tutamsikiliza."

Lilikuwa jambo la huruma, na nililijua hivyo. Nilivuta karatasi. Mimi ni mwanafunzi. Nikiambiwa sahihisha, nasahihisha. Nilipitia mstari wa kwanza. Swali lile la koridoni, bado sikuwa na jibu lake, ningelikataje? Nikapita la bati. Nikapita la tuko sawa. Siku ile hatukuongea kweli, Mungu na mimi, na ndivyo ilivyokuwa. Nilishuka hivyo hivyo, kalamu hewani, wote wanangoja.

Nikafika wimbo wa tatu. Siku ya tatu baada ya mazishi Mchungaji alikuja kutufariji, akaketi karibu nami kwenye mkeka huku daftari liko wazi. Niliona macho yake yanapita juu ya ukurasa. Nikaandika upesi, kwa herufi kubwa, nakushukuru kwa yote. Sikumshukuru. Sikumshukuru Mungu kwa chochote siku ile. Katika kurasa arobaini ni hapo tu nilipomwandikia mtu mwingine.

Nikaukata. Mstari mmoja, ulionyooka, kama tunavyokata bati. Nikamrudishia Mama Theopista karatasi.

Aliitazama, akampa Mchungaji. Mchungaji naye aliitazama.

"Huu ndio mstari pekee ambao baraza lilikuwa tayari kuupitisha," alisema.

"Najua, Mchungaji."

"Na mingine?"

"Mingine niliisema kweli."

Niliona uso wake ukibadilika kidogo, na nadhani aliikumbuka siku ya mkeka, lakini hakuitaja. Waliamua nikiwa nimesimama. Uzinduzi hautafanyika kanisani. Candida abaki kwaya, maana kosa si lake. Mimi nisisome somo mpaka baraza likae tena, na haikusemwa litakaa lini. Mama Theopista aliandika yote, na alipofika kwenye jina langu kalamu yake ilikwenda polepole, lakini iliandika.

Tulitoka mimi na Candida. Hatukuweza kusubiri gari wala kukaa mahali, tukashika barabara ya Msimbazi kwa miguu, yeye mbele kidogo, tukikwepa toroli za mahindi na vijana wanaopanga mashati chini.

"Kwa nini ule?" aliuliza bila kugeuka. "Baba, ule ndio watu wanaupenda. Ndio peke yake ninaouimba bila kupiga kelele."

"Ulikuwa wa uongo."

Alipunguza mwendo tukawa sambamba. "Alpesh anaweza kuutoa. Wimbo upo kwenye mashine yake, ni kuurudisha tu mtandaoni upya. Lakini patabaki tundu. Pale magitaa yanatulia, lazima pawe na kitu."

"Sijui mambo ya magitaa."

"Siku ile, ya tatu. Kama Mchungaji asingekuwepo, ungeandika nini?"

Muuza maji alipita katikati yetu na ndoo yake kichwani. Nilimwacha apite. Nilikuwa nikilijua jibu tangu mwaka jana, na sikuwahi kulisema hata nikiwa nimepiga magoti peke yangu, kwa sababu mtu mzima anayejua Neno haombi kitu kama hicho.

"Ningemwomba amrudishe."

Candida alisimama. Watu wakamgonga mabega wakapita.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Bwana, mrudishe."

Alifuta uso kwa mkono wote, kama anavyofanya akimaliza mazoezi.

"Hiyo siwezi kuipigia kelele," alisema.

"Basi iimbe," nikamwambia, tukavuka barabara kwenda kwa Alpesh kabla hajafunga.