Mukimo wa Karela

Mume wangu Kang'ethe ni mtu mzuri. Nasema hivyo mapema msije mkadhani namchukia. Lakini tangu aanze kupanda karela kwenye kivungulio chake hapa Ndabibi, hakuna anayekaa naye dakika mbili bila kufundishwa. Karela ni tunda la kijani lenye ngozi ya manundu, chungu kuliko dawa ya malaria. Wanunuzi wake ni Wahindi wa Nakuru mjini. Yanayobaki yanaletwa kwangu.

"Ukikata avokado ukaiacha kwa meza, si inageuka rangi?" humwambia fundi wa mabomba, mchungaji, yeyote. "Sasa ikamulie ndimu. Inakaa vizuri. Mwili pia ni hivyo. Karela iko na vitamini C, iko na antioxidants, inakulinda huko ndani."

Sikatai. Hata muuguzi wa kliniki alimwambia ni mboga nzuri, ila akamwonya asimshauri mtu yeyote aache dawa zake za sukari. Ninachokataa ni kuila.

Jumamosi moja tulikuwa tukingoja wageni kutoka Keringet. Binti yetu Cate na Kiplangat walikuwa wameamua kuoana, na mama yake Kiplangat, Cheptanui, alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Cate alikuwa ameshafika kwao, akarudi akisema mama yule haongei, anamtazama tu. "Mum, sijui kama ananipenda," aliniambia, na sauti yake ikanikata maini. Kwa hiyo siku hiyo sikutaka kitu kingine ila mama huyo ampende mwanangu.

Nilichemsha viazi, mahindi na majani ya malenge, nikamwachia Kang'ethe aponde mukimo, maana mikono yake ina nguvu, nami nikaenda madukani kununua soda. Niliporudi, mukimo ulikuwa wa kijani hadi unapendeza. Nilimsifu. Kuonja sikuonja.

Tulipoketi, Kiplangat ndiye aliyetia kijiko cha kwanza mdomoni. Macho yalimtoka, akameza, akashika glasi ya maji. Nikaonja wangu. Kumbe majani ya malenge yalikuwa bado jikoni kwenye bakuli. Kang'ethe alikuwa ameponda karela badala yake. Nilimtazama, naye akatabasamu akingoja pongezi.

Cheptanui alitafuna polepole. "Nani amepika hii?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kabla sijafungua mdomo, Cate alisema, "Ni mimi, mama."

Mtoto wangu alikuwa anamfichia baba yake aibu, siku ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipimwa. Nilimwonea fahari na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja.

Kang'ethe hakusaidia. "Hiyo ni karela, Mama Kiplangat. Ukikata avokado ukaiacha..."

"Baba Cate," nikamwambia, "kula."

Cheptanui aliinuka. "Iko ingine mbichi?" Cate akaitikia kwa kichwa. "Basi twende jikoni." Sikualikwa, lakini nikawafuata.

Alizipasua karela, akatoa mbegu, akazikatakata nyembamba na kuziweka motoni kwenye sufuria. "Kwetu mboga ya managu pia ni chungu," alimwambia Cate. "Unachemsha, unamwaga maji ya kwanza, halafu unaweka maziwa, unaacha iive polepole. Ikilala inakuwa tamu zaidi."

Kang'ethe alikuwa amefika mlangoni. "Lakini mkimwaga maji, vitamini C nayo inaenda."

"Ingine inabaki," Cheptanui alisema bila kugeuka. "Ile uliweka kwa mukimo imebaki yote. Iko kwa sahani, hakuna mtu anaikula."

Nilicheka hadi nikashika meza. Cate ndiye aliyeshtuka. "Mama, kumbe ulijua?"

"Mtu mwenye anafundisha watu chakula badala ya kukula, ni yeye amepika." Akakoroga kidogo. "Na wewe ukasema ni wewe."

Alimpa Cate mwiko, akasimama kando yake akimwangalia, na safari hii hata mimi niliona kwamba yale hayakuwa macho mabaya.

Tulikula karela ya maziwa kwa ugali nilioupika haraka haraka. Uchungu ulikuwepo, lakini ule wa managu, ambao mtu humalizia sahani na kuongeza. Kiplangat aliongeza. Mimi pia, nikiangalia upande ambao Kang'ethe hayupo.

Walipokuwa wanaaga, Kang'ethe alileta miche ya karela kwenye katoni. Cheptanui alitikisa kichwa. "Keringet iko baridi, itakufa tu." Akamwonyesha Cate kwa kidevu. "Huyu atakuwa ananiletea."

Cate alinitazama, akatabasamu. Na mimi machozi yalinilenga, kwa furaha.

"Si lazima yeye," Kang'ethe akaanza, "hata naweza kuituma kwa gari, inafika siku hiyo hiyo..."

Nilimkanyaga mguu hadi akanyamaza.