Jembe Siku ya Kilio

Jembe la Kahongya lilisikika tangu asubuhi, na siku hiyo hakuna jembe lililotakiwa kusikika Kalunguta nzima. Mzee Salomon alikuwa bado amelazwa nyumbani kwake, hajazikwa. Huku kwao, maiti ikiwa ndani hakuna anayelima. Hata wavivu huikumbuka desturi hiyo, tena wao ndio wa kwanza.

Kahongya alijua. Alikuwa ameketi na wenzake kilioni, akahisi miguu inamwasha kwa ndani, akainuka akaenda shambani. Akikaa, mawazo yanamjia. Akilima, yanachelewa kidogo.

Watu wakanung'unika. Jokébed, binti wa marehemu, akakaza kitenge chake akapanda mlima kwa hasira hadi shambani kwa Kahongya.

"Mama Keren, unatuzarau mpaka na maiti yetu?"

"Hapana, dada. Minashindwa kukaa."

Jokébed alikuwa na matusi tayari mdomoni. Kisha akaangalia chini. Maharage ya Kahongya yalikuwa yameshatoa majani, naye alikuwa anayafukua. Tuta zima limegeuzwa, miche imelala mizizi juu, na jembe linarudi palepale.

"Lakini hii ni chakula ya mutoto wako."

Kahongya akatazama kama anayaona maharage kwa mara ya kwanza.

Askari walipomuua mume wake, Manassé, kwenye njia ya Beni, kijiji kizima kilikuwa porini kinakimbia vita. Mwili haukupatikana, kilio hakikukaliwa. Waliporudi, Kahongya akashika jembe. Akalima shamba lake, akalima la jirani, akalima na mvua ikinyesha. Watu wakamsifu: mwanamke jasiri, hakuvunjika. Sifa gani hizo, jamani! Hakuna aliyeuliza kama anakula, wala kwa nini mtoto wake Keren alikuwa anashinda njaa mpaka jirani ampikie.

"Unalalaka?" Jokébed akauliza.

"Hapana. Nikifunga macho minaona mto. Siku ingine minafika mpaka kwenye maji. Minakumbuka kuko shamba, minarudi."

Hasira ikamwisha Jokébed, akaingiwa na woga. Akalishika jembe. Vidole vya Kahongya vikakataa kuachia, naye Jokébed akangoja mpaka vikaachia. Wakashuka pamoja hadi kituo cha afya, kwa Phinées, muuguzi. Maiti ya baba yake Jokébed ingengoja.

Phinées akawasikiliza, kisha akauliza polepole: "Mama, unafikiriaka kujiua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kahongya aliona haya, akaona pia mzigo umepata pa kuwekwa.

"Ndiyo."

"Asante kuniambia. Hii ni bugonjwa, mama. Haiko laana. Inatibiwaka. Kesho utarudi hapa, na kila siku, tuongee. Basi, usiku Jokébed atalala kwako."

"Na nikishindwa kukaa?"

"Utasimama, utatembea. Lakini hapana peke yako."

Waliporudi kilioni, wanawake wakasogea, wakamwachia nafasi mkekani. Kahongya akakaa, akainuka, akakaa tena. Mama mmoja alikuwa anaimba, anamtaja Salomon, wengine wanaitikia.

"Manassé," Kahongya akasema.

Mwimbaji akasita. Kisha akaliingiza jina hilo kwenye wimbo, na wote wakaitikia. Kahongya akalia kwa sauti. Mikono yake ilikuwa wazi mapajani, ina udongo bado, na Jokébed akaushika mmoja.